Msitu wa Kahuzi na Wenyewe

Vijana wapendwa, kupanda mlima Kahuzi, wenye mita 3.308, ni jambo jema. Huko Tshivanga mgeni hufundishwa adabu: avae barakoa, asimkaribie gorila, na mwenye mafua abaki nje. Masharti hayo ni ya haki, kwani maradhi yetu yaweza kuwaua.

Lakini adabu hiyo naiona pungufu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970; baadaye Batwa, waliokaa humo tangu mababu, wakafukuzwa pasipo fidia. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotaka warudishiwe ardhi yao. Ni kweli, tangu baadhi yao waliporudi mwaka 2018, miti mingi imekatwa kwa ajili ya makala. Ila mtu aliyenyimwa msitu, wala asipewe shamba, auze nini?

Basi kikundi chenu kikifika Tshivanga, kiwaulize wanaotangulia kufuata nyayo za magorila. Baadhi yao ni Batwa, wanaolipwa ili waingie walikozaliwa baba zao.