Undugu Si Hati ya Shamba

Yako maneno matamu ambayo mkubwa akimwambia mdogo, mdogo huanza kutazama mlango uko wapi. "Sisi ni ndugu" ni mojawapo. Julai 2021 Rais Vladimir Putin wa Urusi alitoa makala ndefu akidai kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja, wenye asili moja na historia moja. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Februari 2022, vifaru vyake vilivuka mpaka kwenda kumthibitishia ndugu huyo undugu wake. Tangu hapo watu wengi, hata huku kwetu, wamechoshwa na habari za umoja wa Waslavi. Wengine wanazicheka, wengine wanaziona hila tupu iliyotungwa Moscow. Mimi nasema undugu ule upo, tena ni wa kweli, na kwa kuwa ni wa kweli unastahili kulindwa dhidi ya wale wanaoushika mkononi kama hati ya kudai shamba la mwenzao.

Kwanza tukumbushane ni akina nani. Mashariki wako Warusi, Waukraine na Wabelarus. Magharibi wako Wapoland, Wacheki na Waslovakia, pamoja na Wasorbi wachache wanaoishi ndani ya Ujerumani. Kusini wako Waslovenia, Wakroatia, Waserbia, Wabosnia, Wamontenegro, Wamasedonia na Wabulgaria. Wamo Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri, na Bosnia wamo Waislamu wa karne nyingi. Wengine huandika kwa herufi za Kirumi, wengine kwa herufi za Kisirili, na Waserbia hutumia zote mbili bila taabu. Hata hivyo mgeni wa heshima hupokewa kwa mkate na chumvi Minsk kama anavyopokewa Sofia. Mayai ya Pasaka huchorwa kwa nta na rangi katika vijiji vya Ukraine, vya Poland na vya Ucheki. Mkulima wa Slovakia akiingia soko la Poland na kutega sikio vizuri, hakosi kununua alichokifuata. Jambo hilo lina mipaka yake, maana Mbulgaria na Mpoland wakianza kuongea kwa kasi, wote wawili wataishia kutikisa kichwa, na Bulgaria kutikisa kichwa ni kukubali.

Ukaribu huo haukuletwa na damu peke yake. Uliletwa pia na kazi ya mikono na ya akili. Mwaka 863 mtawala Rastislav wa Moravia, katika nchi ambayo leo ni Ucheki na Slovakia, alipokea walimu aliowaomba kutoka Konstantinopoli, ili dini ifundishwe kwa lugha wanayoielewa watu wake. Walikuja ndugu wawili kutoka Thesaloniki, Sirili na Metodi, wakiwa wametunga herufi za kuandikia lugha ambayo haikuwa imeandikwa. Wakatoliki wa kwetu huwakumbuka kila tarehe 14 Februari, ingawa siku hiyo maua ya Valentino huwafunika kabisa. Maaskofu wa Kijerumani hawakuipenda kazi ile. Sirili alifia Roma mwaka 869, na Metodi, ingawa alikuwa askofu, alifungwa gerezani. Alipokufa mwaka 885 wanafunzi wake walifukuzwa Moravia. Waliopokewa walipokewa Bulgaria, na mmoja wao, Klementi, akafungua darasa kubwa Ohrid, mji ambao leo uko Masedonia Kaskazini. Vitabu vilifika Kyiv kutoka Bulgaria, na kutoka Kyiv vikapanda kaskazini. Jina la Moscow halitajwi katika kumbukumbu mpaka mwaka 1147. Kwa hiyo, mkubwa wa leo alifundishwa kusoma na wadogo wa leo, na ingefaa akumbushwe jambo hilo kila anapoanza kuhubiri nani alimzaa nani.

Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanatosha kuwa waadhi mzima. Juraj Križanić alikuwa padri Mkroatia aliyeamini kwamba Waslavi wote wanaweza kupatanishwa, makanisa yao na falme zao, na kwamba tsar, yaani mfalme, wa Moscow ndiye atakayewainua waliokanyagwa. Alifika Moscow mwaka 1659. Mwaka 1661 tsar yuleyule akampeleka uhamishoni Tobolsk, Siberia, akakaa huko miaka 15. Mtu mwingine angelaani. Križanić alikaa katika baridi ile akaandika sarufi na vitabu vya siasa, kwa lugha aliyoichanganya mwenyewe kutoka katika lugha mbalimbali za Kislavi ili kila ndugu aielewe, akiendelea kumsihi mfungaji wake awe mwokozi. Aliachiliwa mwaka 1676, akafa mwaka 1683 karibu na Vienna, akiwa pamoja na jeshi la mfalme wa Poland. Namheshimu sana mzee yule. Lakini kosa lake lilirudiwa na wengi baada yake, nalo ni kudhani kwamba undugu unahitaji kaka mkubwa wa kuusimamia.

Karne ya 19 ndiyo iliyoufanya undugu huu kuwa siasa. Wacheki, Waslovakia na Wakroatia walitawaliwa kutoka Vienna, Waserbia na Wabulgaria kutoka Istanbul. Wapoland waligawanywa na dola tatu hata ilipofika 1795 nchi yao ikawa imefutwa kwenye ramani, na mmoja wa wagawaji alikuwa Mrusi, Mslavi mwenzao. Katika hali hiyo mchungaji wa Kilutheri wa Kislovakia, Ján Kollár, alitoa wazo zuri kuliko yote yaliyotolewa katika habari hii. Alisema Waslavi waanze kwa kusomana, kila msomi ajifunze lugha za ndugu zake na anunue vitabu vyao. Hakutaka jeshi wala mfalme. Cha ajabu ni kwamba Waslovakia wenzake, wakiongozwa na Ľudovít Štúr, walipoamua mwaka 1843 kuwa na Kislovakia chao cha kuandikia badala ya kutumia Kicheki, Kollár huyohuyo alipinga. Alitaka familia iwe na matawi machache makubwa, na lugha ya mama yake hakuihesabia tawi. Juni 1848 wajumbe walikutana Praha katika mkutano wa kwanza wa Waslavi, mwenyekiti akiwa mwanahistoria František Palacký. Kabla hawajamaliza, ghasia zilizuka mjini, mizinga ya jenerali wa Austria ikalia, na wajumbe wakatawanyika.

Mwandishi wa habari wa Kicheki, Karel Havlíček, hakuhitaji mizinga ili aamke. Alikwenda Moscow mwaka 1843 kuwa mwalimu wa nyumbani, akiwa amejaa mapenzi ya Uslavi, akarudi mwaka uliofuata akiwa amepona. Mwaka 1846 aliwaandikia wasomaji wake kwamba yeye ni Mcheki kwanza. Akawaonya kuwa huko alikotoka, kila kilicho cha Kirusi huitwa cha Kislavi, ili siku moja kila cha Kislavi kiitwe cha Kirusi.

Sasa njooni Kyiv, maana hapa ndipo ninapotaka tukae. Katika miaka hiyohiyo vijana wa huko waliunda chama cha siri, wakakipa jina la Sirili na Metodi. Mwanahistoria Mykola Kostomarov alikuwa mmoja wao, na mshairi Taras Shevchenko, aliyezaliwa mtumwa wa shamba na kununuliwa uhuru wake mwaka 1838, alikuwa karibu nao. Walitaka Waslavi wote waungane katika shirikisho, kila taifa likiwa huru na sawa na jingine, pasiwe na mtumwa wala bwana. Shevchenko alikwisha kumtunukia mwanazuoni Mslovakia, Pavel Jozef Šafárik, utenzi wake juu ya Jan Hus wa Ucheki. Mukraine alimwimbia shujaa wa Kicheki na kumtunukia Mslovakia. Mkitaka kuuona umoja wa Waslavi ukiwa na afya yake, ndio ule.

Mwaka 1847 polisi wa tsar waliwakamata wote. Shevchenko alipelekwa uhamishoni kuwa askari wa chini katika jeshi la Orenburg, na Tsar Nikolai akaongeza kwa mkono wake kwamba asiruhusiwe kuandika wala kuchora. Adhabu ile ilidumu miaka 10. Tsar huyo alikuwa Mslavi, naye aliwafunga watu waliohubiri umoja wa Waslavi, kwa kuwa umoja wao ulikuwa na neno "sawa" ndani yake. Warithi wake waliendelea. Mwaka 1863 waziri Valuev alizuia vitabu vya dini na vya shule kuchapishwa kwa Kiukraine, na mwaka 1876 amri kali zaidi ikafuata. Katikati ya amri hizo mbili, mwaka 1867, Moscow iliwaalika Waslavi wa nje kwenye maonyesho na karamu za udugu. Palacký alikwenda, Wapoland hawakuonekana. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu uasi wao wa 1863, uliozimwa kwa kunyonga watu na kuwapeleka wengine Siberia.

Msidhani kwamba dhambi hii ni ya Mrusi peke yake. Tazameni kusini. Desemba 1918 Waserbia, Wakroatia na Waslovenia waliungana katika ufalme mmoja, mfalme akiwa Mserbia na Belgrade ikiwa mji mkuu. Mwaka 1928 kiongozi wa wakulima wa Kroatia, Stjepan Radić, alipigwa risasi ndani ya bunge, akafa baadaye kwa majeraha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiongozi mkomunisti Tito alijenga upya nyumba ile ya Waslavi wa kusini kwa kaulimbiu ya udugu na umoja. Vijana wa kujitolea walijenga barabara kuu kati ya Belgrade na Zagreb, nayo ikaitwa kwa kaulimbiu hiyo. Vita vya 1991, nyumba ile ilipovunjika, viliikata barabara ile. Julai 1995 Srebrenica, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliwaua zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 wa Kiislamu, wauaji na waliouawa wakiongea lugha ambayo hata mtaalamu hupata shida kuitenganisha. Hata walio wadogo wana hulka hiyo. Novemba 2020 Bulgaria iliizuia Masedonia Kaskazini kuanza mazungumzo ya kuingia Umoja wa Ulaya, ikidai jirani akiri kwanza kwamba lugha yake na historia yake vina asili ya Kibulgaria. Jambo analolitenda mkubwa kwa vifaru, mdogo hulitenda kwa kura ya turufu.

Yupo atakayesema kwamba habari hizi zote zinaonyesha undugu hauna maana. Namjibu kwa mfano wa Wacheki na Waslovakia. Tarehe 1 Januari 1993 waligawana nchi yao mezani, bila risasi, na leo ni vigumu kupata majirani wanaoelewana kuliko wao. Vijana wa Slovakia wanajaa vyuo vikuu vya Ucheki kana kwamba ni vya kwao. Kila mmoja alipopata mlango wake na ufunguo wake, mapenzi yalirudi.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Tazameni Wapoland na Waukraine, wanaodaiana damu. Mwaka 1943, huko Volhynia, wapiganaji wa Kiukraine waliwachinja Wapoland vijijini kwa makumi ya maelfu, na mwaka 1947 serikali ya Poland iliwang'oa Waukraine makwao na kuwatawanya mbali. Madeni hayo hayajalipwa hata leo. Lakini Februari 2022 Waukraine walipofurika mpakani, Mpoland alichukua gari lake akaenda kuwapokea watu asiowajua, akawalaza sebuleni kwake. Baadaye ugomvi ulizuka wa nafaka na wa malori, wakulima wakafunga mipaka. Sioni ajabu. Ndugu wenye nyumba mbili hugombana bei ya mahindi, na ugomvi wa bei una mwisho.

Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya vita, balozi wa Kenya, Martin Kimani, alisema katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa jambo ambalo Waslavi walistahili kulisikia kutoka Afrika. Alikumbusha kwamba mipaka yetu ilichorwa na wakoloni na ikawatenga ndugu na ndugu, na kwamba lau tungetaka kila kabila liwe na dola yake tungekuwa bado tunapigana. Alisema tuliikubali mipaka ile tukiwa hatuipendi, na hamu ya kuwa pamoja na jamaa tukaitafutia njia za amani. Mmasai wa Kajiado ana shangazi Monduli, ng'ambo ya mpaka, na Kenya haijadai Monduli.

Mrusi mwenye kusikia namuusia hivi: kama Mukraine ni ndugu yako, mwache akwambie mwenyewe yeye ni nani. Kwa wale wanaoishi chini ya makombora sina waadhi. Anayebomolewa nyumba hafundishwi namna ya kulia, na akiibomoa sanamu ya mshairi wa Kirusi, Pushkin, mjini kwake sitamhukumu. Ninayemwogopa ni mtu wa mbali, mwenye kalamu na usalama, anayetaka Waslavi wachague kati ya kuwa kitu kimoja na kuwa maadui.

Na sisi tuna letu la kurekebisha. Tangu miaka ya 1960 vijana wengi wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma udaktari na uhandisi Kyiv, Kharkiv, Odesa, Minsk, Praha, Sofia na Belgrade. Waliporudi, mtaani waliitwa waliosoma Urusi, wote kwa pamoja, hata yule ambaye Moscow aliiona uwanja wa ndege tu. Kollár alitaka Waslavi wasomane, nasi tungeweza kuanza kwa kuwasoma mmoja mmoja. Wazee wale wengi wangali hai. Nawaomba waandike: nani aliwafundisha, nani aliwatukana barabarani, nani aliwaazima koti la baridi, na watu wa kule walisemaje juu ya majirani zao mlango ukishafungwa. Magazeti yetu yawape nafasi. Na mhariri atakayepokea makala ya mzee aliyesomea Kharkiv, tafadhali sana, asiipe kichwa kisemacho "Maisha Yangu Urusi".