Mchezo uliokatwa London

Juzi wodini kwetu umeme ulikatika saa moja na nusu usiku, katikati ya mchezo wa televisheni. Akina mama waliokuwa wamelala kimya mchana kutwa waliinuka vitandani wote kwa pamoja, hata yule mwenye mshono mbichi. "Nesi, mwite fundi!" Nilicheka, lakini niliwaelewa. Aliyelazwa hana saa yake mwenyewe. Anakula tukimletea, analala tukizima taa. Ile nusu saa ya mchezo ndiyo yake.

Akina mama wa London nao waliwahi kukatiwa mchezo wao, na wala umeme haukuwa na kosa. Ulikuwa ushindani wa makampuni ya mikoa.

Televisheni ya biashara ya Uingereza, ITV, ilipoanza mwaka 1955, haikuwa kampuni moja. Nchi iligawanywa kwa mikoa, kila mkoa ukapewa kampuni yenye leseni yake, inayouza matangazo yake ya biashara na kupanga ratiba yake. Vipindi vingine walionyesha pamoja. Vingine kila mmoja alichukua kwa jirani akipenda. Fikiria nyumba ya kupanga: ua mmoja, lakini kila mpangaji na sufuria yake, na jicho kwenye sufuria ya mwenzake. London yenyewe ilikatwa vipande viwili. Kuanzia mwaka 1968 Thames ilishika siku za kazi, na Ijumaa saa moja jioni ikakabidhi mitambo kwa LWT, kampuni ya mwisho wa wiki. Wote wawili waliwinda pochi zile zile.

Sasa, huko Birmingham kampuni ya ATV ilikuwa imeanzisha mchezo wa mfululizo uitwao Crossroads, Novemba 1964. Ulimhusu Meg Richardson, mjane mwenye hoteli ya wasafiri, akiigizwa na Noele Gordon. Mwanzoni ulitoka siku tano kwa wiki, ukitengenezwa haraka haraka, na wakosoaji waliucheka mpaka kuta zake, wakidai zinatikisika mlango ukifungwa. Akina mama hawakujali kuta. Walimjali Meg.

Thames ilipoingia kazini mwaka 1968 iliuondoa mchezo huo wa jirani kwenye ratiba yake. Barua zikamiminika. Miongoni mwa waliolalamika alitajwa hata Mary Wilson, mke wa Waziri Mkuu wa wakati huo. Baada ya miezi kadhaa Thames ikaurudisha. Nadhani mabwana walioukata hawakuwahi kuwa nyumbani saa ile, nguo zikisubiri pasi na watoto wakisubiri chakula, wakasikiliza kitu kingine tofauti na "mama, mama".

Lakini uliporudi ulianzia pale ulipokatikia, na London ikawa nyuma ya wengine kwa karibu nusu mwaka. Hebu piga hesabu. Lililoonekana Birmingham mwezi Desemba, London lilisubiri hadi Juni. Mwanamke wa London akimpigia simu dada yake wa Birmingham ilimbidi amkataze mapema: usiniambie Meg amefanya nini! Hali hiyo iliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1970. Na kampuni ya Granada, kaskazini, ilikaa bila kuuonyesha kabisa hadi mwaka 1972.

Makampuni hayo baadaye yalimezana. Thames ilipoteza leseni mwishoni mwa mwaka 1992, na mwaka 2004 Granada na Carlton ziliungana, ratiba ya sehemu kubwa ya nchi ikawa moja. Ila Scotland STV ilibaki peke yake. Mwaka 2009 ikaacha kuonyesha michezo kadhaa ya ITV, ukiwamo ule wa polisi, The Bill, ikisema inataka kuweka vya kwake na kupunguza gharama. Wakubwa wakapelekana mahakamani, wakapatana mwaka 2011. Kufikia hapo The Bill ilikuwa imekwisha kufungwa tangu 2010, kwa hiyo mpenzi wake wa Glasgow alipatanishiwa sahani tupu.

Umeme wetu ulirudi saa mbili na dakika kumi, watu wakisomewa taarifa ya habari. Mama wa mshono aliomba simu ampigie binti yake. Nilidhani anataka uji.

"Nisimulie," alimwambia, "alimkubali au alimkataa?"