Sanduku Moja la Kila Kazi, au Chombo Kimoja Kimoja?

Televisheni za siku hizi ni nyembamba kama sinia, na sauti zake ni nyembamba vilevile. Hapana ajabu, kwani spika zilizomo ndani yake ni ndogo mno, na aghalabu zimeelekezwa chini au ukutani. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za pwani ya kusini, kuanzia Likoni, Diani na Msambweni hata kufikia Samburu (hii Samburu yetu ya Kwale iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, wala si ile ya kaskazini), swali limekuwa ni moja: je, mtu anunue risiva ya sinema ya nyumbani, au anunue vyombo vya sauti mbalimbali, kila kimoja na kazi yake?

Swali hili si la anasa tu. Fedha zinazotumika ni nyingi, na mara nyingine ni fedha za kijana aliyefanya kazi ngumu Ughaibuni miaka miwili au mitatu. Yafaa basi tulitazame kwa makini.

Kwanza tuelewane juu ya vyombo vyenyewe. Risiva ni sanduku moja lililokusanya kazi nyingi. Ndani yake mna redio, mna sehemu ya kuchagulia kama utasikiliza televisheni au kitu kingine, mna kompyuta ndogo ya kufasiri sauti za sinema, na mna amplifaya tano, saba au zaidi, kila moja ikilisha spika yake. Vyombo mbalimbali ni kinyume cha hayo. Amplifaya ni sanduku lake, redio ni sanduku lake, na mashine ya kaseti au ya sidii ni sanduku lake. Nyumba ya kawaida haihitaji vingi. Amplifaya moja ya njia mbili za sauti, spika mbili nzuri, na kitu cha kuchezea, hata kama ni simu, yatosha kuanzia.

Rai yangu ni kwamba kwa nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, njia hii ya pili ndiyo ifaayo. Nitazitaja sababu zangu, na wasomaji watapima.

Sababu ya kwanza ni kile tunachokisikiliza. Hebu tujiulize kwa haki: katika nyumba zetu, sauti gani husikika zaidi kwa mwaka mzima? Ni visomo vya Kurani, mawaidha, kaswida, habari za redio, na kwa wale waipendao, taarabu. Hizi ni sauti za binadamu, mmoja au wachache, walio mbele ya msikilizaji. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake ilinaswa kwa njia moja tu, kwani santuri za njia mbili hazikuanza kuuzwa sokoni mpaka ilipokaribia mwaka 1958. Nyimbo za Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma zilienea pwani nzima kwa kaseti, na kaseti haina zaidi ya njia mbili, ya kushoto na ya kulia.

Sauti za kumzunguka mtu pande zote zilibuniwa kwa ajili ya sinema, ili mvua ya kwenye picha imnyeshee mtazamaji na helikopta impitie juu ya kichwa. Mfumo wa Dolby Digital uliingia katika majumba ya sinema mwaka 1992, ukafuatwa na DTS mwaka 1993, kisha yote miwili ikaja majumbani. Ni ufundi mkubwa, hapana ubishi. Lakini ukiitaka risiva itawanye taarabu ya zamani katika spika saba, udi uliokuwa mbele yako utausikia pia nyuma ya kisogo, na sauti ya mwimbaji itapoteza mahali pake. Msomaji wa Kurani naye utamsikia kana kwamba yuko katika pembe nne za chumba kwa wakati mmoja. Hiyo si heshima ya kisomo, wala si raha ya msikilizaji.

Sababu ya pili ni namna tunavyokaa. Wanaounda vyombo vya sinema ya nyumbani hudhani kwamba kuna kochi moja katikati ya chumba, limeielekea televisheni, na spika zimelizunguka. Sebule zetu hazikupangwa hivyo. Wageni huketi kuzunguka kuta, wengine juu ya viti, wengine juu ya mkeka au zulia, ili kila mtu amwone mwenziwe uso kwa uso. Katika mkao huo, yule aliyeketi chini ya spika ya nyuma husikia spika hiyo tu, na mama aliye karibu na mlango hasikii maneno yanayosemwa. Spika mbili zilizowekwa mbele, zimepandishwa kufikia usawa wa masikio na kuachana hatua chache, huwahudumia wote kwa usawa zaidi.

Sababu ya tatu ni umeme, hewa na mafundi. Umeme wetu ni wa volti 240, lakini kila mwenye nyumba ajua jinsi unavyokatika na jinsi unavyorudi kwa kishindo. Msambweni na Diani kuna hewa ya chumvi, ambayo huifanya shaba iliyo wazi kuwa ya kijani na kulegeza maungio. Samburu ni kavu zaidi, na huko adui ni vumbi na joto. Risiva ina joto jingi na imejaa vijipande vidogo vya kompyuta vilivyobanana. Sehemu moja ikiungua, mathalan ile ya kupokea picha, huenda sanduku zima likawa halina kazi, pamoja na redio yake na amplifaya zake saba zilizo nzima. Amplifaya ya njia mbili ni chombo cha sahili zaidi, na fundi mwenye pasi ya kulehemu na kipimo cha umeme aghalabu aweza kubadilisha kilichoungua humohumo mtaani. Mtu wa Samburu hataki kubeba sanduku zito mpaka Mombasa kila mara, na wa Msambweni hataki kuvuka nalo Likoni. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na fundi wa mbali vilevile.

Tena kuna suala la kupitwa na wakati. Tundu la HDMI, ambalo hupitisha picha na sauti kwa waya mmoja, lilitangazwa mwaka 2002. Toleo lake la 1.4 lilitoka mwaka 2009, la 2.0 mwaka 2013, na la 2.1 mwaka 2017. Mwenye risiva ya zamani aliponunua televisheni mpya, mara nyingi aliambiwa kwamba risiva yake haiwezi kupitisha picha hizo zote. Lakini amplifaya ya njia mbili iliyoundwa mwaka 1980, maadamu ni nzima, yapokea sauti ya simu hii leo kwa waya au kwa kipokezi kidogo cha bluetooth. Sisi wenyewe tumeliona jambo hili. Kenya ilipohamia utangazaji wa dijitali mwaka 2015, wenye televisheni za zamani hawakuzitupa. Walinunua king'amuzi, wakakiunganisha, mambo yakaendelea. Hiyo ndiyo faida ya kila kazi kuwa na chombo chake: kinachochakaa ndicho kinachobadilishwa.

Sasa tuseme kidogo juu ya nguvu, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Maboksi ya wufa na redio huandikwa wati elfu kadhaa kwa maandishi makubwa, na kando yake herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayofuatwa na wote, na hakimwambii mnunuzi kitu cha maana. Kipimo cha kutazama ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo chombo chaweza kuitoa mfululizo. Hata kwa risiva, uliza kama wati zilizoandikwa zilipimwa njia mbili zikifanya kazi au zote kwa pamoja, kwa sababu njia zote hunywa katika kisima kimoja cha umeme. Na ijulikane kwamba ili sikio lihisi sauti imezidi mara mbili, nguvu yapasa izidi karibu mara 10. Kwa hiyo tofauti ya wati 50 na wati 70 haifai kumkosesha mtu usingizi. Afadhali fedha hizo ziongezwe katika spika.

Na tusisahau jirani. Sauti nzito ya wufa haizuiliwi na ukuta. Hupita katika matofali, na katika nyumba za udongo ndiyo usiseme. Katika nyumba zetu za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, huenda chumba cha pili kuna mgonjwa, au mzazi mwenye kitoto kichanga, au mtu yuko katika swala ya Isha. Haki ya jirani sote twaifahamu, wala haihitaji kuelezwa hapa. Kinachofaa kuelezwa ni kwamba spika mbili safi husikika vizuri kwa sauti ya chini, ilhali mtambo unaonguruma humlazimu mtu kuongeza sauti ili apate kusikia maneno.

Haidhuru, tuwe waadilifu. Vyombo mbalimbali vina taabu zake. Nyaya huwa nyingi, matundu ya umeme hayatoshi, na vikiunganishwa vibaya hutoa mngurumo. Televisheni nyingi mpya hutoa sauti kwa tundu la mwanga, na hapo yatakiwa kigeuzi kidogo cha kuiunganisha na amplifaya ya zamani. Tena kuna nyumba ambazo mapenzi yao hasa ni sinema na mpira, zenye chumba cha kutosha na fundi wa karibu. Watu hao wakinunua risiva hawakukosea, kwani kwa kazi hiyo sanduku moja huwapa mengi kwa bei nafuu kuliko kununua amplifaya saba mbalimbali. Nawashauri jambo moja tu: watafute risiva yenye matundu ya kutolea sauti kabla haijakuzwa, ili kesho wakitaka kuongeza amplifaya ya nje, njia iwe wazi.

Kwa wengine wote, kwenda polepole ndiyo salama. Anza na spika mbili na amplifaya moja, na nusu ya fedha zako iende kwenye spika. Ukiletewa chombo kutoka nje, soma kibao cha nyuma kabla ya kukitia umeme, kwa maana cha Japani huwa cha volti 100 na cha Marekani 120, na ukikiunganisha moja kwa moja na umeme wetu utakiunguza papo hapo. Nunua kifaa cha kukinga umeme unaporudi kwa nguvu. Acha nafasi ya shubiri moja juu ya chombo kipate kupumua. Kila mwaka kata ncha za waya zilizoota ukijani, ukaze upya. Na kama sebule ina mwangwi, jambo la kawaida katika nyumba za mawe, zulia, mapazia na mito vitakusaidia kuliko wati mia za ziada.

Israfu tumekatazwa, lakini kusikiliza vizuri si israfu. Mwenye nyumba na ayaulize kwanza masikio yake na watu wa nyumbani kwake wanataka kusikia nini. Duka litamngoja.