Kamera Mkononi mwa Mwanamke

Wako wasemao kuwa mwanamke hana haja ya kubeba kamera penye mapanga. Mimi nawajibu kwa Riketa.

Mwezi wa Agosti 2012, Idi imepita siku mbili tatu, kijiji hicho cha Waorma kwenye delta ya Mto Tana kilivamiwa, katika ugomvi wa malisho na mashamba. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani.

Sasa, mpiga picha mwanamume atafika wapi kwa mjane aliyekaa eda? Atapiga hodi, adabu imzuie mlangoni, arudi Garsen na picha za majivu na askari. Mwanamke mwenziwe ataambiwa, “Karibu, mwanangu.” Atakaa mkekani, asikilize, kisha aombe idhini, hata iwe ya kupiga picha ya mikono tu, stara ibaki.

Anayeleta hoja ya dini namkumbusha Bibi Nusaiba binti Kaab, aliyetoka na kiriba cha maji kwenda Uhud akaishia kushika upanga. Hatari ipo, siikatai. Lakini Fatma Hassona, mpiga picha wa Gaza, aliuawa Aprili 2025 akiwa nyumbani kwao.

Mhariri ampe binti gari la kuaminika. Na akitaka kufuatana na mahram, alipiwe nauli naye.