Watoto Wetu si Maonyesho

Makanisa mengi ya Marekani na Ulaya yana desturi ya kuwapeleka vijana wao ng'ambo, kwa juma moja au majuma mawili, kuwahudumia watoto maskini. Tanzania ni mojawapo ya nchi wanazozijia. Vijana hao hucheza na watoto, huwafundisha nyimbo, hupaka rangi ukuta wa darasa, hupiga picha, kisha hupanda ndege kurudi kwao. Wanachama wametuuliza: wageni wa namna hiyo wakifika Mpanda, au Mlele, au vijiji vya ufuko wa Ziwa Tanganyika, tuwapokee vipi? Juma hili twatoa shauri letu.

Kwanza tuondoe fitina. Hatugombani na dini ya mtu, wala hatumfukuzi mgeni. Wengi wa vijana hawa wana nia njema. Lakini nia njema haimshibishi mtoto wala haimfundishi kusoma. Sisi twaipima kazi ya mgeni kwa kile kinachobaki akishaondoka.

Mkoa wetu wa Katavi una ushahidi wa zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema, ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1879. Hapo waliwalea watoto waliokombolewa utumwani. Hatusemi kuwa kila walilolifanya lilikuwa jema, maana watoto wale hawakuulizwa wanataka kuishi vipi. Lakini mwaka 1889 alifika Karema Mwafrika mmoja, Adrien Atiman. Huyu mwenyewe aliibwa utotoni katika nchi za mto Niger, akauzwa, akakombolewa, kisha akasomeshwa uganga wa hospitali huko Malta. Akaoa huku huku, akawatibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Mgeni wa namna hiyo hageuki tena kuwa mgeni.

Ushahidi wa pili ni Katumba na Mishamo. Warundi walipokimbia mauaji ya mwaka 1972, Serikali yetu iliwapa ardhi Katumba, na mwaka 1978 ikafungua Mishamo. Umoja wa Mataifa ulileta fedha, na shirika la Kikristo la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Walutheri wa dunia, likashika kazi ya barabara, visima, shule na zahanati. Wakimbizi walilima, wakavuna, wakajilisha wenyewe. Shirika lilipomaliza sehemu yake, makazi yakakabidhiwa Serikali. Mwaka 2014 maelfu kwa maelfu ya watu hao walianza kupokea hati za uraia wa Tanzania. Msaada wa dini ulifaa hapo kwa sababu mpango ulikuwa wa nchi, na mgeni alishika jembe katika shamba la mwenyeji.

Sasa tuitazame ziara ya majuma mawili. Watoto hutolewa darasani, hupangwa mstari juani, huambiwa waimbe. Mtoto humzoea mgeni, na siku ya kumi mgeni hayupo. Baada ya miezi michache huja mwingine. Mtoto hujifunza kwamba kazi yake ni kupendeza machoni pa watu wanaopita, na kwamba chakula huja kwa kuonekana maskini. Hayo ndiyo mafunzo tuliyoyapigania uhuru?

Liko na baya zaidi. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba, katika watoto watano walio kwenye vituo vya malezi duniani, wasiopungua wanne wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mgeni akipenda kuona yatima, watapatikana wa kumtafutia yatima, hata kama mama wa mtoto yuko kijijini analima mpunga. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulizitaka serikali ziwakinge watoto na madhara ya ziara za kujitolea katika vituo hivyo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kwanza, serikali ya kijiji na kamati ya shule ndizo ziseme ni kazi gani inayotakiwa. Mgeni asije na kazi yake mfukoni. Pili, aje mwenye ufundi, na akae muda wa kutosha kumfundisha mwenyeji. Kupaka rangi na kufyatua matofali, vijana wetu wanaweza. Tatu, mtoto asitolewe darasani kumwimbia mtu, asipigwe picha bila idhini ya mzazi, wala asitengwe na jamaa zake bila Ofisa wa Ustawi wa Jamii. Nne, kanisa lenye fedha lijue kwamba nauli ya mtu mmoja kutoka Marekani hupita mishahara ya miezi kadhaa ya mwalimu anayeanza kazi. Fedha hizo zikitumwa kwa kamati ya shule kwa ajili ya uji wa mchana, zitafanya kazi kubwa kuliko nyimbo.

Lakini ndugu wanachama, tusimnyoshee mgeni kidole tukajisahau. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Katavi, katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia mlango wasichana waliozaa warudi shuleni. Je, ni nani anayepita nyumba kwa nyumba kuwatafuta? Ni nani anayemkabili baba aliyepokea ng'ombe wa mahari ya mtoto wa darasa la saba? Kazi hiyo hakuna kijana wa Ulaya atakayeiweza, maana hajui lugha ya nyumbani wala hatakuwapo mwakani.

Twalitaka kila tawi lihesabu watoto wa eneo lake walio nje ya shule, liandike majina yao, na lipeleke taarifa kwa mwalimu mkuu kabla ya muhula ujao. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba ndiye apaswaye kuwa na jembe hilo, na awe ameanza kulima.

Uhuru na Kazi.