Sanduku la babu lisiishie jikoni



Wengi wetu tulihamia huku Batsinda mwaka 2008 kutoka Kiyovu ya chini, nyumba zetu zilipobomolewa. Tulibeba magodoro, masufuria na watoto. Karatasi tulizitupa, au tulizifunga kwenye viroba zikaloa mvua: vyeti vya ndoa, barua za kutoka Ujiji na Bukoba, madaftari ya madrasa. Leo mtoto akituuliza babu yake alifikaje Kigali, tunakodoa macho naye.

Wenzetu wa Lamu hawakungoja. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, zikawekwa kwenye intaneti. Hati zenyewe zikabaki Lamu, na hilo ndilo tulilolipenda zaidi. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia maktaba hiyo na huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Aliyebaki na asili nyumbani hakupoteza kitu.

Na hapa jirani, Gisozi, kuna hifadhi ya nyaraka za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, iliyozinduliwa mwaka 2010. Shuhuda za walionusurika zinasikilizwa hata kwenye kompyuta ya shule. Wanafunzi wetu wangapi wamezifungua? Tunapenda kusema, na ni kweli, kwamba mwaka 1994 Waislamu wengi waliwaficha watu majumbani na misikitini. Basi wazee waliofanya hivyo warekodiwe wangali hai, maana sifa isiyo na ushahidi wajukuu wataiona ni majigambo. Wapo Waislamu walioua pia. Nalo liandikwe.

Lakini si kila kitu ni cha kuanikwa. Gacaca ilifungwa mwaka 2012 baada ya kesi karibu milioni 2, na mafaili yake yamekuwa yakiingizwa kwenye kompyuta. Ndani mna majina ya wanawake walionajisiwa, na ya watu walioshtakiwa kisha wakaachiwa. Wapo wanaotaka yafunguliwe yote kwa kila mtu. Sisi hatukubaliani nao. Siri ya mja ni amana. Vivyo hivyo barua ya talaka ya shangazi haina kazi kwenye intaneti, hata kama mwandiko wake ni mzuri (na wazee wetu walikuwa na mwandiko!).

Tunachopendekeza ni kidogo. Jumapili baada ya Alasiri, kijana mwenye simu akae na bibi na picha zake za zamani. Nyuma ya kila picha aandike kwa penseli ni nani, wapi, mwaka gani. Apige picha karatasi zote mchana, karibu na dirisha, bila kumulika taa. Nakala moja ikae kwa mjomba, nyumba nyingine kabisa. Amrekodi bibi akizungumza Kiswahili chake cha Biryogo, bila kumsahihisha sarufi. Na akisema "hili usiandike", kalamu iwekwe chini.