KIRAKA SI UFUNDI



Iko desturi moja katika kazi zetu za Meru na Embu ambayo twaisifu, na yafaa tuiache. Stima ikipotea kiwandani, jenereta huwashwa. Mpira wa maji ya rejeta ukianza kuvuja, fundi wa zamu hutafuta kipande cha tyubu ya baisikeli, huufunga kwa waya, na kazi huendelea. Kesho yake twamwita fundi hodari. Msimamizi naye hufurahi, maana hakutoa hata senti. Basi kiraka cha usiku mmoja hukaa miezi sita.

Twasema wazi: huo si uhodari. Ni kumwokolea mwajiri bei ya mpira kwa kuhatarisha ngozi ya mtu.

Tutazame jambo lenyewe. Injini ya dizeli ikifanya kazi, maji yake huwa na joto la digrii 85 hivi hata 95. Chai yetu, toka Igembe na Imenti mpaka Mungania na Rukuriri, yalimwa juu milimani. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini penye mita 1,800 juu ya bahari huchemka karibu na digrii 94. Kwa hiyo huku kwetu hata kasoro ndogo ni kubwa. Kinachozuia maji yale yasichemke ni kufungiwa kwa nguvu ndani ya mipira mizima na kifuniko kizima cha rejeta. Mpira ukipasuka, nguvu ile hutoka mara moja, na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo. Aliyeinama kufunga waya ndiye aupokeaye usoni.

Tena mpira hauharibiki kwa nje tu. Mara nyingi huanza kupasuka kwa ndani, karibu na ncha zake penye klipu, na kwa nje ukaonekana mzima. Oili ikiudondokea, huvimba na kulegea. Kiraka hufunika dalili hizi na hakiponyi kitu. Njia ya kuujua ni rahisi: injini ikiwa imepoa, ubonyeze kwa vidole. Ukiwa laini penye ncha kuliko katikati, au umevimba, au una nyufa, siku zake zimekwisha. Wala usitie mpira wa bustani mahali pake. Ule haukutengenezwa kwa joto hilo, na upande wa pampu huvutwa ukanywea, maji yasipite.

Huko chini kwenye Mto Tana iko mitambo ya umeme, tangu Kindaruma ya mwaka 1968 hata Kiambere ya mwaka 1988. Mitambo mikubwa ya namna ile pia hupozwa kwa maji, na hufungwa vyombo vya ulinzi ili maji yakikatika mashine isimamishwe kabla beringi hazijaungua. Mashine ya mamilioni huwekewa mlinzi. Mbona mtu wa jenereta aachwe na mikono mitupu?

Wako watakaojibu: viwanda vingi vya chai ni mali ya wakulima wadogo, tusiwaongezee gharama. Neno hilo lina heshima, na wengi wetu tu watoto wa wakulima hao. Lakini mpira ukipasuka saa nane za usiku, feni za kunyaushia husimama na majani ya mkulima huharibika. Hapo mkulima na mfanyakazi hupata hasara pamoja. Mpira mpya ni akiba ya wote wawili.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tena yamtaka mfanyakazi atoe habari ya hatari kubwa kwa msimamizi wake, wala mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Iko pia sheria ya fidia ya mwaka huo huo, lakini fidia hairudishi jicho.

Basi tudai haya kwa sauti moja:

1. Kila jenereta iwe na mipira na klipu za akiba katika stoo, za kipimo chake.
2. Kiwepo kitabu kionyeshacho tarehe ambayo kila mpira ulifungwa.
3. Mtu yeyote asifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, hata akiamriwa.
4. Mwajiri atoe glavu na kinga ya uso.

Na sisi wenyewe tubadili sifa zetu. Fundi hodari ni yule asemaye, "Mtambo huu hauwashwi mpaka mpira mpya uje," na wenzake wote wa zamu wakasimama nyuma yake. Akisimama peke yake ataitwa mkaidi. Wakisimama wote, mpira utanunuliwa.

Umoja ni nguvu.